Yavuyavu kutoka dimensheni nyingine: mwili wake ukae vipi ili hadithi isipingane na sayansi?

KalamuKurasini

Habari za jioni wakuu.

Naandaa hadithi ya katuni ya kurasa 48, mandhari ni hapa hapa Dar: Soko la Samaki Feri, mkondo wa Kurasini, Kigamboni, kisha kisiwa cha Mbudya. Adui ni kiumbe wa aina ya yavuyavu anayetoka dimensheni nyingine. Nimempa jina Mtandio. Mwavuli wake una upana wa sentimita 120, minyiri iko 60, kila mmoja mita 3. Hana ubongo wala kisasi na mtu, anakula tu na kuondoka.

Sitaki kila kitu kijibiwe kwa uchawi. Nataka mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma baiolojia na fizikia akikaa na kitabu asikute tundu.

Nilichonacho hadi sasa: anatokea popote penye maji ya chumvi na kupotea, wavu haumkamati, sumu yake inaua kwa dakika chache. Nilipokwama:

Kwanza, akiingia kwetu ataonekanaje? Nimemchora akitoka kwenye ufa wa mwanga. Pili, sumu ya kiumbe asiye wa dunia hii itafanyaje kazi kwenye damu ya mtu wa Kigamboni? Tatu, anazaliana wapi? Nne, shujaa wangu (binti wa muuza samaki) anamkamataje?

Pia kuna fremu moja mvuvi aliyechomwa anasuguliwa mchanga halafu anakojolewa. Kama ni makosa semeni mapema, bado sijatia wino. Natanguliza shukrani.

---

TufeNaMche

Mkuu, anza kwa kufuta ule ufa wa mwanga. Mlango ni wa kiumbe kama sisi anayesafiri. Mtandio akiwa na urefu, upana, kimo na mwelekeo wa nne, hana haja ya mlango. Chora duara kwenye karatasi: anayeishi ndani ya karatasi analiona limefungwa, lakini kidole kinachotoka juu kinagusa katikati yake bila kuvuka mstari. Kwa Mtandio, kila kitu chetu kilichofungwa kiko wazi namna hiyo. Hapo hapo umeshapata hofu yako bila kuongeza uwezo mwingine wowote, na nakushauri usiongeze. Mpe mwelekeo mmoja wa ziada, mengine yote yatokane na huo.

Tunachoona sisi ni mkato wake tu. Twende kwa hesabu. Nusu kipenyo cha mwavuli ni sm 60. Chukua 60 mara 60, toa umbali wa kitovu chake kutoka kwetu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ni Pythagoras yule yule wa shule. Akija utosi mbele kwa mwendo wa sm 5 kwa sekunde, sekunde ya kwanza baada ya kugusa kwetu kitovu kiko sm 55 mbali, na unaona tufe la nusu kipenyo sm 24. Sekunde ya pili ni sm 33. Sekunde ya nne haifiki 45. Kwa hiyo hatokei polepole kama puto linalojazwa. Analipuka kutoka nukta, halafu anatulia.

Ukimpa jeli ya utosini unene wa sm 5, tufe lile la sekunde ya kwanza ni jeli tupu, lita 58. Maji ya ujazo huo yanasukumwa kando ndani ya sekunde moja. Mtu aliye karibu atapigwa na msukumo wa maji kabla hajaona kitu. Chora mchanga ukitimka chini na dagaa wakitawanyika; kiumbe mwenyewe akiwa angavu hana haja ya kuonekana kwenye fremu hiyo.

Sasa ile ambayo ningekuwa wewe ningeipa kurasa mbili nzima. Mtandio akija *mdomo mbele*, yaani ukingo wa mwavuli unatangulia na utosi unafuata kwenye ule mwelekeo wa nne, hakuna nukta inayokua. Linatokea tufe zima kwa mpigo, sm 60 kila upande, na samaki (au mtu) tayari yuko ndani. Halina mlango kwa sababu sisi hatuna mwelekeo wa kutokea. Halafu linaanza kujifunga. Upande wa ndani unaanza na sm 55. Sekunde ya nne umebaki 51, ya nane 38, ya kumi 23, ya kumi na moja sifuri. Angalia jinsi kasi inavyoongezeka mwishoni. Sekunde nane za kwanza aliyenaswa bado anadhani ana nafasi.

Akija ubavu, mhimili wake ukiwa umelala ndani ya dunia yetu, hapo ndipo utamwona kama yavuyavu wa kawaida mwenye mwavuli mdogo. Michoro yako ya sasa usiitupe, itumie kwa mkao huo.

Minyiri nayo. Kitu chembamba kama uzi kikikata nafasi yetu kwa pembe, hakiachi uzi, kinaacha kipande. Mnyiri wa unene wa milimita 5 unaotupitia wima utaonekana kama ushanga wa milimita 5 unaoelea peke yake. Haujashikana na chochote unachokiona. Ukiinama hadi nyuzi 30 kutoka kwetu, ushanga unarefuka kufikia milimita 10. Kwa nyuzi 5 unakuwa kipande cha milimita 57. Ukilala kabisa ndipo unaona kamba nzima. Kwa hiyo tishio la Mtandio kwa muda mwingi ni shanga angavu zinazoteleza majini kwa mpangilio ambao shujaa wako haelewi, mpaka aelewe.

Jambo dogo ambalo wachoraji wengi hukosea: usichore matumbo yake yakiwa wazi kwenye mkato. Mpaka wa mkato wetu ni ngozi yake siku zote. Yeye ndiye anayeona ndani yetu, sisi hatuoni ndani yake isipokuwa kwa sababu ni angavu.

---

Kaskazi_Njema

Naongezea upande wa mwili. TufeNaMche kasema vizuri ila kasahau kwamba maji hayabonyei. Tufe lililofungwa kabisa na lenye mamia ya lita ndani haliwezi kusinyaa hadi sifuri; jeli itapasuka kabla mtu hajaumia. Suluhisho lipo kwa mayavuyavu wenyewe. Yavuyavu mchanga, hatua inayoitwa efira, hana mwavuli mzima. Ana mikono kama 8 yenye nafasi katikati. Mpe Mtandio mwavuli wa mapande 8. Tufe lako litakuwa na nyufa ambamo maji yanatoka na samaki hatoki, na wasomaji wataona mtu akipenyeza mkono nje hadi begani. Ni mbaya zaidi kuliko ukuta mzima.

Umbo la mwili: hana moyo, damu wala mapafu. Yavuyavu ni maji kwa takriban asilimia 95. Ngozi ya nje ni nyembamba, ya tumboni ni nyembamba, na katikati kuna jeli yenye seli chache sana. Sababu ni oksijeni. Inasambaa yenyewe kutoka majini, bila kusukumwa, na njia hiyo inafaa kwa umbali mdogo tu, kama milimita moja hivi kwa seli zinazofanya kazi. Ndiyo maana unaweza kumkuza kwa kuongeza jeli lakini huwezi kumjazia misuli minene. Ukimchora na misuli kama ya pweza umeshaharibu. Na kwa hesabu, tufe la dimensheni nne lina eneo la ngozi kubwa kwa theluthi moja kulinganisha na ujazo wake, nusu kipenyo kikiwa kile kile, kwa hiyo kupumua kwake ni kwepesi kuliko kwa wa kwetu. Umepata ukubwa wa sm 120 kwa haki.

Sumu. Hapa usihangaike kubuni silaha, iliyopo inatosha. Seli ya kuchoma ina kifuko, nematosisti, chenye msukumo wa ndani wa karibu ba 150, yaani kama mara 150 ya msukumo wa hewa. Kwa haidra, jamaa mdogo wa yavuyavu, imepimwa kwamba kijimkuki hutoka ndani ya nanosekunde 700, kwa mchapuko unaozidi mara milioni 5 ya ule wa mvutano wa dunia. Seli inafyatuka yenyewe ikiguswa na kuonja kemikali za mwili, haingoji amri ya ubongo. Kwa sababu hiyo kipande cha mnyiri kilichokatika bado kinachoma, hata kikiwa kimetupwa ufukoni. Shanga za Mtandio hazina haja ya kujua wewe ni nani.

Tatizo lako la kweli ni dawa yenyewe ndani ya mkuki. Sumu nyingi za wanyama ni protini zilizochongwa kwa vizazi ili zitoshee kwenye mishipa ya fahamu au misuli ya wanyama wa hapa. Kiumbe wa upande mwingine hajawahi kukutana na mishipa yetu. Protini yake itaelea tu kwenye damu, pengine ilete mzio. Mwanafunzi wa kidato cha nne atalikuta tundu hilo.

Njia ya kutokea ni kuacha kufuli na kuvunja ukuta. *Chironex fleckeri*, yule wa maji ya kaskazini mwa Australia mwenye macho 24 na minyiri hadi 60, ana protini zinazotoboa utando wa seli. Chembe nyekundu za damu zikitobolewa zinamwaga potasiamu. Kawaida ya potasiamu kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ikipanda sana mapigo ya moyo yanavurugika na yanaweza kusimama. Basi sumu ya Mtandio iwe kemikali nyepesi ya aina ya sabuni, inayoyeyusha mafuta ya utando. Haihitaji kumfahamu mtu, inahitaji tu kwamba seli zake zimefunikwa na mafuta, na za kwetu zote zimefunikwa.

Kuhusu "inaua kwa dakika chache": inawezekana, Chironex anafanya hivyo. Lakini kwa hadithi ningechukua mfano wa *Carukia barnesi*, mwenye mwavuli wa kama sm 1 tu. Mchomo wake hausikiki sana. Maumivu ya mgongo, jasho, kutapika na presha kupanda vinakuja baadaye, mara nyingi kama nusu saa. Abiria anaguswa na ushanga akipanda boti Kigamboni, anaanguka akiwa ameshafika mjini, na hakuna anayejua alikutana na nini.

Uzazi naujibu kesho, ni mrefu.

---

MizaniTu

Nina pingamizi kwa wote wawili. Kama kuna mwelekeo wa nne ulio wazi, maji ya bahari yanazuiwa na nini yasimwagikie huko? Na sisi je?

Lazima uweke sheria, na uiweke mapema. Sheria inayokubalika zaidi ni kwamba maada yetu imenata kwenye tabaka jembamba, haiwezi kutoka. Ya Mtandio haijanata. Wanafizikia wameshacheza na wazo la namna hii, Lisa Randall na Raman Sundrum walitoa lao 1999, kwa hiyo hutachekwa. Utakachokwepa ni mvutano (graviti). Ukiachwa usambae kwenye dimensheni nne ungepungua haraka zaidi kadiri ya umbali, na Paul Ehrenfest alionyesha 1917 kwamba hapo sayari hazikai kwenye njia zake. Vipimo vya maabara vimeshuka chini ya milimita 0.1 na kanuni ya kawaida bado inashika. Kwa hiyo danganya mara moja tu: sema mvutano unavuja kidogo mno kupimika kwetu, ila unatosha kumvuta kiumbe mwepesi anayeelea upande wa pili.

Ukidanganya hivyo unapata kitu cha bure. Anavutwa kuja kwetu kutoka upande wowote aliopo. Anaanguka kuelekea tabaka letu, anapita, anavutwa tena, anarudi. Atakuwa anayumba akitokea na kupotea kwa vipindi vinavyofupika, mpaka msuguano wa maji umtulize. Binti wa muuza samaki anaweza kuhesabu vipindi hivyo.

Gharama yake: samaki aliyemezwa hawezi kupelekwa upande wa pili. Amenata. Kama ulikuwa na fremu ya mtu aliyepinduliwa kwenye upande wa nne akarudi kulia kwake kukiwa kushoto, ifute. Ama tumenata ama hatujanata, huwezi kuwa na yote mawili.

Na hayo ya kutokea ndani ya mwili wa mtu, msiyaache wazi. Jeli ni laini kuliko msuli. Haiwezi kujitengenezea nafasi ndani ya nyama. Inaweza kutokea mahali penye uwazi au majimaji: mdomoni, tumboni, kwenye mapafu ya aliyekunywa maji, ndani ya ngalawa iliyoingiwa na maji, kwenye beseni la samaki lenye maji ya bahari pale Feri. Kwenye tangi la juu ya nyumba hapana, hayo ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

---

KalamuKurasini

Wakuu nimebaki mdomo wazi. Tufe la mapande 8 nimeshaanza kuchora.

Mawili. Kaskazi_Njema, hayo maji baridi yanamfanya nini hasa? Na TufeNaMche, wavu. Nataka mvuvi atupe jarife, ashindwe, halafu binti afaulu kwa kitu cha kawaida cha nyumbani. Kipo?

---

TufeNaMche

Kipo, na kinapendeza. Kwenye dimensheni nne uzi haufungiki fundo. Fundo lolote linajifungua kwa kupitisha kamba upande wa nne. Kwa hiyo minyiri ya Mtandio haisokotani hata siku moja, na kitanzi cha kamba kuzunguka ushanga hakishiki kitu. Mvuvi anafunga, ushanga unatoka kando bila kukata kamba. Jarife ni vitanzi vingi tu, litashindwa vile vile.

Kinachouzingira uzi kule ni kitu kilichofungwa pande zote. Chupa ya maji ya nusu lita yenye kizibo inatosha. Ushanga wa milimita 5 unaingia mdomoni mwa chupa, binti anafunga kizibo. Kwa macho yetu kafungia ushanga. Kwa hali halisi kauzungushia mnyiri ukuta, na mnyiri hauwezi kutoka kando tena. Unaweza kuteleza kwa urefu wake tu, ushanga ukionekana umetulia ndani ya chupa wakati mita 3 za mnyiri zinapita, mpaka ncha ifike na ushanga upotee.

Ukitaka usiteleze, mpe mnyiri ncha yenye kifundo kikubwa kuliko tumbo la chupa, tuseme sm 8. Jamaa zake wadogo baadhi wana minyiri yenye vifundo nchani vilivyojaa seli za kuchoma, hujabuni kitu kigeni. Kifundo kinakwama, chupa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo, Mtandio ana mnyororo.

Ila jeli inakatika. Akivutana sana mnyiri unabaki na yeye anakwenda. Chupa ichukulie kama kengele ya kujua yuko upande gani na anayumba kwa vipindi gani. Kumuua kwa chupa haiwezekani.

---

Kaskazi_Njema

Kweli, na hata ukimuua hujamaliza. Hapo ndipo uzazi unaingia.

Yavuyavu unayemwona akielea ni nusu ya maisha yake. Yai likirutubishwa linakuwa planula, kidudu chenye vinyweleo kinachotafuta sehemu ngumu. Kikinata kinakuwa polipu, mfuko mdogo wenye mdomo juu na minyiri kuuzunguka. Kwa jamii ya *Aurelia* ana urefu wa milimita 2 au 3. Polipu huchipuza polipu wengine bila dume wala jike. Hali ya maji ikibadilika, hasa joto, mwili wake unajigawa kwa mikato ya kulala na kuachia efira mmoja baada ya mwingine. Polipu mmoja, mayavuyavu wengi. Wanapenda sehemu ngumu zenye kivuli: chini ya magati yanayoelea, ubavu wa chini wa nguzo, ndani ya makombe matupu.

Kwa Mtandio hili linakaa vizuri mno na sheria ya MizaniTu. Polipu anahitaji kitu kigumu, na kigumu kiko kwenye tabaka letu. Nyayo zake lazima zinate kwenye zege letu, mwili wote umesimama kuelekea upande wa nne usikoonekana. Kwenye nguzo utaona doa angavu la milimita 2 tu, ukigusa linawasha. Mahali pa kutafuta Dar: nguzo za magati ya mkondo wa Kurasini, zile zenye chaza na kivuli siku nzima. Mizizi ya mikoko pia, lakini mahali penye maji ya mto mtu asihangaike.

Sasa maji baridi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na yavuyavu hana figo wala njia ya kusawazisha. Ndani yake ni sawa na nje. Ukimtia maji yasiyo na chumvi, maji yanaingia kwenye seli, zinavimba, zinapasuka. Wakati wa masika Msimbazi ukifurika, tabaka la juu la bahari karibu na mdomo wake linapungua chumvi. Mtandio atakwepa hapo. Panga matukio yako kwa majira: mashambulizi wakati wa kaskazi maji yakiwa ya moto, kisha masika yanamsukuma mbali na mdomo wa mto, kuelekea visiwani. Mbudya unaipata bila kulazimisha.

Kosa ambalo shujaa asilifanye ni kukwangua madoa kwa kisu. Vipande vya polipu vinaweza kuota upya, na baadhi ya spishi huacha vifuko vigumu chini ya nyayo vinavyongoja hali nzuri. Ukikwangua umepanda shamba. Watu wanaosafisha nguzo na vyombo vya majini wana njia ya kufunika: unazungushia nguzo plastiki nene, unakaza juu na chini, unajaza maji baridi na kuacha. Kwa katuni yako binti na wenzake wangoje bamvua. Maji ya bamvua hapa yanapwa zaidi ya mita 3 kutoka yalipojaa, sehemu kubwa ya nguzo inabaki wazi kwa saa kadhaa. Turubai, kamba za katani, madumu ya lita 20 ya maji ya bomba. Kwa nguzo ya unene wa sm 50, ukiacha nafasi ya sm 5 pande zote kwa kimo cha mita 2, unahitaji lita 170 na ushee, yaani madumu 9. Weka na la kumi, turubai lazima livuje. Wakati wa maji mafu usithubutu, nguzo haitoki majini vya kutosha.

Mwili wa polipu ulio upande wa pili hautaguswa na maji hayo. Nyayo ndizo zitapasuka, na akiachia zege hana pa kushika tena.

Na usimuue kwa njaa. Yavuyavu akikosa chakula haanguki akafa upesi, anasinyaa, anakula mwili wake mwenyewe na kuendelea na udogo. Mtandio wa sm 120 akikosa samaki anaweza kukurudia akiwa wa sm 20. Kwa toleo la pili umepata.

---

SikiMezani

Nimeona hakuna aliyejibu ile fremu ya mvuvi, na hiyo ndiyo ambayo msomaji anaweza kuiiga.

Mchanga toa. Kusugua kunafyatua vifuko ambavyo bado havijafyatuka. Mkojo toa. Hauna asidi ya kutosha, na ukiwa mwepesi unafanya kazi kama maji baridi, ambayo nayo yanafyatua vifuko kwa sababu ile ile aliyoieleza Kaskazi_Njema.

Kwa jamii ya Chironex na Carukia: mtoe mtu majini, mzuie asijisugue. Mwagia siki ya mezani, ile yenye asidi asetiki asilimia 4 hadi 6, mfululizo kwa sekunde zisizopungua 30. Siki haiondoi sumu iliyokwishaingia, inazuia vifuko vilivyobaki visifyatuke. Mabaki ya minyiri yatoe kwa kibano, si kwa vidole vitupu. Kwa maumivu ya yule wa rangi ya buluu anayeelea juu kama kibofu, *Physalia*, maji ya moto ya nyuzi 45 kwa dakika 20 ndiyo yanayosaidia zaidi. Yapime kwa mkono wa mtu mzima mwingine kwanza, usimwunguze. Akiacha kupumua na hana dalili za uhai, kandamiza katikati ya kifua, kina cha sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu na kutafuta usafiri wa hospitali.

Kwenye hadithi yako siki ifanye kazi kwa aliyeguswa ngozini na ishindwe kwa aliyemeza ushanga. Hapo msomaji ataona tofauti bila maelezo marefu.

---

KalamuKurasini

Nimefuta mchanga, nimefuta mkojo, chupa ya siki imeingia kwenye meza ya mama lishe ukurasa wa 6 ili isionekane imetokea hewani ukurasa wa 19.

Swali la mwisho kwa TufeNaMche. Kwenye fremu ya shanga nichore 60?

---

TufeNaMche

60 ni pale tu minyiri yote inapokuwa imekatiza tabaka letu kwa wakati mmoja, na kila mmoja mara moja. Mnyiri uliopinda unaweza kutukata mara tatu, kwa hiyo mwingine utaacha shanga tatu na mwingine hata mmoja hautaacha. Chora 40 hadi 70, na usizitawanye ovyo. Akiwa ametulia mhimili ukielekea upande wa nne, mizizi ya minyiri imekaa kwenye ukingo, na ukingo kwetu ni uso wa tufe. Kwa hiyo shanga zizunguke uwazi wa katikati pande zote, juu na chini pia. Ukizipanga kwa duara bapa kama mkufu umerudi kwenye dimensheni tatu. Na zile zinazotoka kwenye mnyiri mmoja uliopinda zifanye zisogee kwa kukaribiana mbili mbili, zigusane, zipotee pamoja. Hiyo ndiyo dalili ambayo binti anaweza kuigundua ukurasa wa 22 kabla ya mtu mwingine yeyote.